Forklifti ya gesi inatulia ikiwa sailensi, ukiikanyaga inamisi: fuata baridi kabla ya kufungua injini

Swali: Shikamoo fundi. Ninahudumia forklifti ya gesi ya tani mbili na nusu, injini ya silinda nne, yenye distribyuta na kichanganyio cha gesi cha kizamani, haina kompyuta. Ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa, inatulia vizuri kabisa. Nikikanyaga kupita nusu ya resi, hasa nikiinua mzigo huku natembea, inaanza kumisi, inatetemeka, na mara mojamoja inapiga baruti kwenye manifoldi. Nimeshabadilisha plagi na filta ya hewa, hali ni ileile. Nikifunga mtungi mpya inapata nafuu kwa muda, kisha inarudia. Wenzangu wanasema tufungue injini. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba. Injini msiifungue kwanza.

Kuna sentensi umeiandika kama mpita njia, nayo ndiyo iliyonikalisha kitako: ukifunga mtungi mpya, mashine inapata nafuu kwa muda. Valvu iliyoungua haijui kama mtungi umejaa au umepungua. Ringi za pistoni zilizolika hazijui. Waya wa plagi uliopasuka haujui. Kinachojua ni njia ya gesi, kuanzia mtungini hadi kwenye kichanganyio, na huko ndiko nataka uanzie. Cheche nayo nitaigusa, kwa sababu kumisi kwenye resi ya juu kuna wazazi wawili, uhaba wa gesi na udhaifu wa cheche, na mara nyingine wote wawili wanaishi nyumba moja.

Tuelewane kwanza kwa nini sailensi inatulia. Throtoli, kile kilango cha kuingizia hewa kwenye injini, ikiwa imefungwa, injini inavuta gesi kidogo mno, na hewa inayogandamizwa ndani ya silinda ni chache, kwa hiyo hata cheche dhaifu inaruka bila shida. Njia ya gesi iliyoziba nusu inatosha kabisa kwa kazi hiyo ndogo. Ukikanyaga, mahitaji yanapanda ghafla, na hapo ndipo palipobana panajitokeza. Ndiyo maana skrubu ya sailensi kwenye kichanganyio haitakufaa hapa hata uizungushe mchana kutwa. Nimekuta nyingi zimekorogwa na watu waliokuwa wakitafuta tatizo la resi ya juu, mwisho wakabaki na matatizo mawili. Kama uliigusa, irudishe ilipokuwa, kisha uiache.

Sasa gesi yenyewe. Mtungi wa jikoni husimama wima na kutoa mvuke kutoka juu. Mtungi wa forklifti hulazwa na kutoa kimiminika. Ndani yake kuna bomba la kunyonyea lililopindwa ili mdomo wake ufike upande wa chini mtungi ukiwa umelala. Kimiminika kinapita kwenye mpira, kinapita filta na valvu ya kukata gesi, kinaingia kwenye regyuleta, na humo ndimo kinapogeuka mvuke kwa joto la maji ya injini. Propani huchemka kwenye nyuzi −42 za Selsiasi, na lita moja ya kimiminika hutoa takriban lita 270 za mvuke. Mgeuko huo unakula joto jingi sana. Popote gesi inapogeukia mvuke, chuma cha mahali hapo kinapoa hadi kitoe jasho, na kikizidiwa kinavaa barafu nyembamba nyeupe.

Hiyo ndiyo zana yako ya kwanza. Mahali pekee gesi inapotakiwa kugeukia mvuke ni ndani ya regyuleta, nayo regyuleta ina maji ya moto ya kulipia joto linaloliwa. Ukiikuta baridi kali mahali pengine popote, hapo gesi inachemka kabla ya wakati wake, na umepata pa kushika. Ifanyishe mashine kazi ya kweli mpaka ianze kumisi, isiwe kuiungurumisha tu ikiwa imesimama. Kisha iegeshe mahali penye hewa ya kutosha, uma chini, breki ya mkono juu, na uipitie njia yote kwa jicho na kwa mgongo wa kiganja chenye glovu. Glovu ni lazima, kwa sababu kimiminika cha gesi kikikurukia kinaunguza ngozi kwa baridi kama moto unavyounguza.

Anza na mtungi. Tumbo la mtungi likiwa linatoa jasho jingi au lina mstari wa barafu usawa wa kimiminika, mtungi wako unatoa mvuke badala ya kimiminika. Gesi inachemkia humohumo, mtungi unapoa, na presha inashuka pamoja na joto. Mtungi wa propani wenye joto la nyuzi 20 huwa na presha ya bar 7 hadi 8 hivi, lakini ukipoa hadi nyuzi 0 hubaki karibu na nusu. Sailensi haitaona tofauti. Resi ya juu itaiona mara moja.

Niliwahi kuitwa kwenye ghala moja ambako mashine ya aina hii ilikuwa imeshabadilishiwa distribyuta nzima, plagi seti mbili na regyuleta. Nilipofika, mtungi ulikuwa na ukungu mweupe tumboni ilhali siku ilikuwa ya joto. Nikashika kola ya mtungi, nikaitikisa, mtungi wote ukazunguka kwenye kitanda chake. Ile pini ya kwenye kitanda, inayoingia kwenye tundu la kola ili mtungi ulale upande mmoja tu, ilikuwa imekatika siku nyingi. Kilichobaki ni kisiki cha urefu wa ukucha, kimeshapata kutu juu. Kila aliyefunga mtungi aliulaza ulivyomjia. Ukilala sawa, siku nzima mashine haina neno. Ukilala umegeuka, bomba la kunyonyea halitazami chini tena, na mashine inafanya kazi tu wakati mtungi umejaa na kimiminika bado kinafikia mdomo wa bomba. Kikishuka kidogo, linavuta mvuke. Tuliugeuza mtungi ukakaa sawa, tukakaza mkanda, na mashine ileile iliyokuwa ikikohoa ikainua mzigo wake bila kutetereka. Pini ilichomelewa kesho yake, mtungi ukiwa umeondolewa na kupelekwa mbali.

Ndiyo maana sentensi yako imenishika. Mitungi hii hujazwa hadi asilimia 80, na nafuu inayokuja na mtungi mpya na kuondoka kimiminika kinaposhuka ni dalili ya hali hiyohiyo. Kaangalie pini leo kabla hujashika spana. Angalia pia kama mtungi uliopewa kweli ni wa forklifti wa kutoa kimiminika, maana ipo mitungi inayofanana nao kwa umbo lakini imetengenezwa kutoa mvuke.

Ukiwa hapohapo mtungini, nikuulize jinsi unavyofungua valvu. Ndani ya valvu ya mtungi kuna valvu nyingine ya usalama inayojifunga gesi ikitoka kwa kasi isiyo ya kawaida, ili mpira ukipasuka gesi isimwagike yote. Ukifungua kwa pupa wakati mpira hauna gesi, valvu hiyo inadhani kuna mpasuko na inajifunga. Inaacha kitundu kidogo tu cha kupitisha gesi, na kitundu hicho kinatosha sailensi. Dereva anakanyaga, injini inakufa, fundi anaitwa. Dawa yake ni kufunga valvu kabisa, kusubiri kidogo presha isawazike, kisha kufungua polepole hadi mwisho. Hadi mwisho kabisa, kwa sababu valvu iliyofunguliwa nusu nayo inabana.

Mtungi ukiwa salama, fuata mpira hadi kwenye filta na valvu ya kukata gesi. Mwili wa filta ukiwa na barafu na bomba lililotangulia likiwa na joto la kawaida, filta imeziba. Kimiminika kinabanwa, presha inaanguka baada ya pale palipobana, na gesi inachemkia hapo. Filta za gesi husahaulika kwa sababu hazionekani. Ulibadilisha filta ya hewa, lakini ya gesi hukuitaja. Ibadilishe hata kama huikuti na barafu. Barafu ikiwa kwenye valvu ya kukata gesi yenyewe, huenda haifunguki yote. Ikiwa ni ya umeme, pima volti kwenye waya zake wakati injini inaunguruma. Koili ya solenoidi inayopata volti 9 badala ya 12 na zaidi haiinui plunja kikamilifu, na chanzo chake mara nyingi ni teminali yenye kutu wala si valvu. Ikiwa ni ya kuvutwa na vakyumu (mvuto wa hewa) ya injini, kagua kimpira chake kidogo kama kina ufa. Kabla ya kufungua chochote kwenye njia hii, funga valvu ya mtungi na uache injini iungurume hadi izime yenyewe, ili gesi iliyobaki kwenye mpira iishe. Gesi hii ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, inatambaa sakafuni na kujikusanya mashimoni, kwa hiyo usifanyie kazi hii karibu na shimo la kukagulia magari wala karibu na moto wowote. Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni.

Sasa regyuleta. Dakika chache za kwanza injini ikiwa baridi, kupoa kwake si ajabu. Injini ikishapata moto, barafu kwenye regyuleta ina maana moja tu: maji ya moto hayafiki. Shika ile mipira miwili ya maji inayoingia na kutoka. Yote miwili inatakiwa iwe moto, ikikaribiana. Mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, maji hayazunguki. Angalia kiasi cha maji kwenye rejeta kwanza, injini ikiwa imepoa. Regyuleta iliyofungwa mahali pa juu ndiyo ya kwanza kukosa maji yakipungua, na mara nyingi injini bado haijaonyesha kuchemka. Maji yakiwa sawa, tafuta hewa iliyonaswa, mpira uliopindika, au njia iliyoziba kwa kutu. Thermostati iliyokwama wazi nayo inaifanya injini isifikie joto lake, na regyuleta ikakosa fungu lake.

Ndani ya regyuleta kuna adui mwingine ambaye baridi haimwonyeshi: mafuta mazito. Gesi hubeba uchafu wa mafuta, mweusi au wa kahawia, unaobaki nyuma gesi inapogeuka mvuke. Unajikusanya chini ya regyuleta, unanata kwenye viwambo vya mpira na kuvifanya vigumu. Regyuleta nyingi zina plagi ya kumwagia chini yake. Imwage injini ikiwa bado ina joto, gesi imeshaisha kwenye njia. Kikitoka kijiko kizima cha lami nyepesi yenye harufu kali, usitegemee kumwaga peke yake. Nunua seti ya viwambo na gasketi, uifungue, uisafishe.

Ukishapita hapo bila kukuta kosa, fanya jaribio linalotenganisha gesi na cheche. Regyuleta nyingi za kizamani zina kitufe cha kupraimu katikati ya kifuniko, kinachosukuma kiwambo na kuongeza gesi. Mtu mmoja ashikilie resi pale inapomisi, wewe ubonyeze kitufe kidogokidogo. Injini ikinyooka na kupata nguvu, ilikuwa na njaa ya gesi. Ikizidi kukohoa, gesi haikuwa pungufu. Kama huna kitufe, ziba sehemu ya mdomo wa hewa kwa kipande cha ubao. Usitumie kiganja, na uso uwe mbali, kwa kuwa injini inayopiga baruti inaweza kurudisha moto hapo. Pale ambapo regyuleta ina kimpira cha kusawazisha kinachotoka kwenye eakilina (nyumba ya filta ya hewa), jaribio la ubao halisemi ukweli wote, hivyo kitufe ni bora.

Hiyo baruti unayoisikia kwenye manifoldi inaelekea kulekule kwenye njaa ya gesi. Mchanganyiko wenye gesi chache huungua polepole, hadi valvu ya kuingizia inafunguka moto bado haujazimika. Ila baruti yenyewe nayo huharibu. Inaweza kukipasua kiwambo cha ndani ya kichanganyio, kile kinachoinua valvu ya hewa kadiri injini inavyovuta. Kikiwa na tundu, valvu haiinuki yote, na mashine inakosa nguvu juu hata baada ya wewe kutibu chanzo. Kitoe, kinyooshe mbele ya taa, ukivute taratibu pembeni pale mpira unapokunjika. Nyufa zake hazionekani kikiwa kimelegea. Kwenye vichanganyio vingi vya kizamani, mdomo wa kuingizia gesi una kirekebisho chenye alama za R (kuongeza gesi) na L (kupunguza gesi). Hicho ndicho cha resi ya juu. Usikiguse mpaka njia yote iwe safi, na ukikigusa tumia kipima moshi wa ekzosi, maana mchanganyiko uliozidishwa gesi hujaza ghala kaboni monoksidi bila mtu kunusa kitu.

Kama kitufe kimeonyesha gesi haikuwa pungufu, geukia cheche. Funga taa ya taimingi, ile inayomulika kila cheche inapopita, kwenye waya wa koili, resi ipande hadi imisi, na uitazame taa yenyewe. Mimuliko ikirukaruka sambamba na injini, umeme unakatika kabla ya kufika kwenye kifuniko cha distribyuta: koili, moduli au waya zake. Ikibaki thabiti, ihamishie kwenye waya wa kila plagi. Jioni giza likiingia, nyunyizia ukungu wa maji waya na kifuniko injini ikiwa inaunguruma, usishike kitu, utazame. Cheche za buluu zinazotambaa kwenye mpira wa waya zitakuonyesha mahali penyewe.

Na plagi ulizobadilisha, je, uliziweka nafasi? Propani inahitaji volti nyingi zaidi kuliko petroli ili cheche iruke, kwa hiyo watengenezaji wengi wa injini za gesi huagiza nafasi ndogo. Plagi mpya iliyotoka kwenye boksi na nafasi ya petroli hutulia sailensi, na mzigo ukija cheche inatafuta njia ya mkato kupitia waya au kifuniko. Soma kipimo kwenye kitabu cha injini yako, pima zote nne. Usijitahidi kuzisoma rangi kama za petroli, kwani gesi huungua safi na rangi haisemi mengi. Ukiwa bado na taa ya taimingi, hakikisha alama ya taimingi inasogea mbele resi inapopanda. Uzito wa ndani ya distribyuta ukishika kutu, alama inabaki palepale.

Mengine nayapitia haraka. Kama kutetemeka kwenyewe ni kwa mpangilio, resi inapanda na kushuka kama mtu anayehema, mtazame gavana (kifaa kinachodhibiti resi) na vyuma vyake vya kuunganisha. Kumisi hakuna mpangilio. Ekzosi iliyoziba hujulikana kwa geji ya vakyumu: shikilia resi ya mizunguko 2,500 kwa dakika, na sindano ikiendelea kushuka polepole badala ya kutulia, moshi haupati pa kutokea.

Injini yenyewe ni ya mwisho. Ni kweli gesi hula viti vya valvu za kutolea moshi, valvu zikazama na nafasi yake ikaisha. Lakini valvu isiyofunga hujulisha zaidi kwenye sailensi, na yako imetulia. Kama wenzako bado wanashikilia kuifungua, pima kompresheni ya silinda zote nne mbele yao. Ni kazi ya nusu saa.

Ukimaliza kupita njia ya gesi niandikie mambo matatu: pini ya mtungi umeikutaje, baridi ilikuwa wapi mashine ilipoanza kumisi, na injini ilijibuje ulipobonyeza kitufe.